Herufi P na Masikio ya Yarrow

Katika Bulla Iftin, mtaa mmoja wa Garissa, hapakuwa na siri ya Ramlo isiyojulikana, na si kwamba Ramlo alikuwa na mdomo mrefu. Tatizo lilikuwa mumewe. Mzee Yarrow alikuwa amepoteza usikivu, na yeyote aliyetaka kumwambia neno ilimbidi alitangaze. Ramlo akimuuliza kama ile dawa ya kufungua choo imefanya kazi, wa kwanza kujibu alikuwa jirani yao Sagal, aliyekaa upande wa pili wa ua wa mabati. "Mwambie anywe maji mengi, abaayo, dada yangu!" Siku moja Ramlo alimwambia mumewe kwamba mkwe wao, aliyemuoa binti yao Hani, ni mvivu kupindukia. Kabla ya adhuhuri maneno hayo yalikuwa yamefika Bute, nyumbani kwa mkwe mwenyewe.

Yarrow alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka mingi alibeba mbuzi na ng'ombe kutoka Hulugho na Kotile hadi Mombasa, katika lori ambalo ekzosi yake ilikatika mwaka wa kwanza na mwenyewe hakuona haja ya kuweka nyingine. Lori lile lilimla masikio kidogo kidogo. Lakini kukubali? Thubutu! Kwa maoni yake walioharibika ni watu wa siku hizi, ambao hawasemi tena bali wanamumunya maneno kama wenye ugali mdomoni.

Ramlo alikuwa amejua mapema kuliko wote, tena kwa njia ambayo daktari hangeifikiria. Safari za Mombasa zilimpa Yarrow Kiswahili kizuri, na pamoja nacho zikampa majivuno. Katika mtaa ambao askari ni "bolisi" na chakula cha asubuhi ni "chabati", Yarrow alitamka p yake kwa kupasua midomo hadi mate yakaruka. Mkewe akisema sokoni "Niwekee bilibili," yeye hudakia: "Pilipili. Kwa p." Akisema "fiatu," hudakia: "Viatu." Alimkosoa mbele ya wenye maduka, mbele ya wakwe, hata mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani aliyekuwa anataka kuona kitambulisho tu. Ramlo aliudhika miaka na miaka. Halafu siku moja sokoni alisema "bilibili," na Yarrow akanyamaza. Ramlo akarudia makusudi: "Bilibili. Babai. Fitunguu." Kimya. Alisimama pale na kikapu mkononi, akamtazama kwa hofu, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kuacha p ipotee hivi hivi.

Hiyo ilikuwa miaka mitano nyuma. Kelele Ramlo alizizoea. Alichokikosa ni mnong'ono. Kuna mambo ambayo mke humwambia mumewe chinichini, akiwa anamimina chai au anakunja nguo, na mambo hayo ukiyapigia ukelele huharibika. Kwa miaka mitano hakuwa amemnong'oneza Yarrow hata neno moja. Alimkosa mumewe na hali amekaa mbele yake, na jambo hilo lilimliza akiwa peke yake jikoni.

Basi likaja gari la kipaza sauti. Lilizunguka mtaa mzima asubuhi likitangaza kwamba watafiti wamefika hospitali na wanawatafuta watu wasiosikia. Bulla yote ilisikia tangazo lile, isipokuwa wale waliokuwa wakitafutwa. Ndani ya sikio, lilisema gari, mna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo hubeba sauti. Kelele huviua, na vikifa havioti tena. Sasa wanasayansi wanajaribu dawa ya kuviotesha. Kila mgonjwa aje na mtu wa nyumbani mwenye masikio mazima, ili walinganishwe.

Ramlo aliacha unga kwenye sinia akakimbilia uani. Akamweleza Yarrow habari yote kwa Kisomali, kwa sauti iliyowafukuza kuku.

"Mimi?" Yarrow alishangaa kikweli. "Ni nani anayepiga kelele kutwa hapa nyumbani? Anayesikia hapigi kelele. Kiziwi ni wewe, Mama Hani. Nilikuwa nakustahi tu."

Upande wa pili wa mabati Sagal alicheka hadi akakohoa. Ramlo alitaka kukasirika, kisha akaona mlango umefunguka.

"Sawa!" akapaza. "Nipeleke mimi basi! Wewe njoo kama mwenye masikio mazima!"

Yarrow alikubali papo hapo. Alivaa kikoi kipya na kofia ya Idi, na walipopanda tuktuk alimwagiza dereva aende polepole kwa sababu amebeba mgonjwa. Ramlo alitulia. Alijua daktari akisema nao maneno mawili tu, atamtambua kiziwi ni nani.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana mpole aitwaye Khaemba, mtu wa Bungoma, anayetokwa na jasho kama mtungi mpya. Mashine yake ya kupimia ilikuwa imekataa kazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo akaamua kusoma maneno kwa mdomo wake. Alimkalisha Ramlo kwenye kiti kilichoelekea ukutani, mbele ya sinki la kunawia mikono na kioo chake. Yeye akakaa nyuma yake, ili mgonjwa asione midomo.

"Mama, nitasema neno, wewe unarudia vile umesikia. Tuko pamoja?"

"Tuko bamoja," alisema Ramlo.

"Pata."

"Bata."

"Vua."

"Fua."

"Paka."

"Baka."

Ramlo alisikia kalamu ikikwaruza karatasi nyuma yake kwa bidii, akafurahi kwamba anapewa alama.

"Penda."

Ramlo akainamisha macho, maana neno lile kutoka kwa kijana wa watu lilimtia haya. "Benda," alijibu kwa sauti ndogo.

"Pumzika."

"Bumzika," alisema Ramlo, akashusha mabega akidhani mtihani umekwisha.

Kisha akaingia Yarrow, na mlango ukafungwa. Ramlo alingoja nje kwenye benchi akiomba dua daktari amhurumie mzee asimwaibishe sana. Punde wakaitwa wote wawili. Khaemba alikuwa na uso wa huzuni. Aliinama hadi karibu na sikio la Ramlo, akavuta pumzi.

"MAMA! MASIKIO YAKO YANA SHIDA KUBWA!"

Ramlo aliruka kitini.

"LAKINI USIOGOPE! MZEE YUKO SAWA! AMEKOSA MANENO MACHACHE TU!"

"Daktari, mimi nasikia!" Ramlo alisema. "Masikio yangu iko sawa kabisa! Mzee ndiyo hasikii!"

Khaemba alimtazama muuguzi, na muuguzi akatikisa kichwa. "Wengi hukataa mara ya kwanza," alisema daktari kwa upole. Akamwambia Ramlo arudi wiki inayofuata, aangaliwe tena, na kama ataridhia aanze sindano.

Yarrow alitabasamu njia nzima hadi nyumbani. Ramlo alimkodolea macho ndani ya tuktuk, akijiuliza amefanyaje. Mtu huyu asubuhi hiyo hiyo alishindwa kusikia sufuria ikianguka miguuni pake, na sasa amefaulu mtihani ambao yeye ameanguka.

Habari hazikuchelewa. Alasiri ile bulla nzima ilikuja kumpa pole, na kila aliyeingia alimpigia ukelele. Sagal alileta halwa na kumfokea "POLE, ABAAYO!" puani. Mwingine alimwonyesha kwa vidole kwamba Mungu yuko juu. Kisha wakakaa wakaongea wao kwa wao mbele yake bila wasiwasi. "Maskini," alisema Sagal kwa sauti ya kawaida, akimpa tabasamu tamu, "na hata hajui ile sufuria yake kubwa bado iko kwangu."

Baada ya wageni kuondoka, Ramlo aliwaza akapata uamuzi. Mume ana cheti cha daktari kwamba anasikia. Vyema, atasemeshwa kama anayesikia. Tangu saa ile hakupaza sauti tena. Alisema na Yarrow kwa sauti ya kawaida, tena akiwa amempa mgongo, kwa sababu alikuwa ameanza kugundua jinsi mzee anavyomkazia macho mdomoni.

"Utakula wali au baasto?" aliuliza akiwa ameinamia jiko.

"Sawa," alijibu Yarrow.

"Nimefikiri tumlaze ngamia wa jirani yetu Nunow chumbani mwetu."

"In shaa Allah. Jambo jema."

Mwanzoni Ramlo alicheka peke yake. Siku zilivyosonga kicheko kilimkauka. Yarrow alipunguza maneno, akaanza kukaa uani peke yake. Siku moja Ramlo alimkuta ameweka kiganja juu ya redio, anaipapasa ajue kama inasema. Alimwonea huruma hadi akakasirika. Angepaza sauti wakati ule ule amwite kwa jina, lakini alijizuia, maana akimpigia ukelele tena, mzee atabaki na uongo wake na nafasi ya hospitali itapotea.

Kule hospitali nako mambo yalikuwa yamemzidi daktari. Sio Ramlo peke yake aliyeanguka. Kila aliyeletwa kama mwenye masikio mazima alianguka: mwenye duka, mwalimu wa madrasa, hata muuguzi aliyejaribiwa kwa mzaha. Wote walikosa palepale, kwenye p na v. Khaemba alikuwa amewapigia wakubwa wake Nairobi kuwaarifu kwamba Garissa kuna maradhi mapya ya masikio yanayokula herufi mbili. Wakubwa wakafurahi mno na kumwomba asimwambie mtu.

Asubuhi ya miadi, Ramlo na Yarrow wakiwa wamekaa kwenye benchi, muuza chai Timiro alipita na beseni lake akasimama mlangoni kwa daktari.

"Daktari, leo chabati ngabi?"

Khaemba alifungua mdomo aseme mbili, akabaki ameufungua. Akamtazama Timiro. Akatazama karatasi zake. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi chai ikamwagika kwenye utafiti. Kwao Bungoma, alimweleza Ramlo baadaye, baba wanamwita "papa", na alipofika shule ya Nairobi watoto walimcheka hadi akaogopa kumtaja baba yake. Yeye, mtu wa kuchekwa kwa b, amewapa watu uziwi kwa p!

Alimwita Ramlo ndani, akamwomba afumbe macho. Akarudi nyuma hadi pembeni kabisa, akanong'ona, "Mama, binti yako anaitwa nani?"

"Hani."

"Ameolewa wapi?"

"Bute. Na mwanaume mfifu."

Khaemba akasogea. Kwa aibu aliyokuwa nayo, sauti ilimtoka chinichini. "Mama, masikio yako ni mazima kuliko yangu. Samahani sana. Acha nikuangalie mara moja tu na kijitochi, halafu uende nyumbani." Akamwinamia sikioni. Kando yake alisimama muuguzi na sinia ya sindano ya mgonjwa anayefuata.

Yarrow alikuwa mlangoni. Hakusikia swali, hakusikia jibu, hakusikia samahani. Alichoona ni mkewe kitini, daktari ameshika sikio, na sindano ndefu inangoja.

"NGOJA!"

Yarrow aliingia kwa kishindo akasimama kati ya sinia na mkewe, mikono ameitanua.

"Hiyo sindano ni yangu! Mke wangu anasikia mbuzi akitafuna kule Kotile! Kiziwi ni mimi! Nichome mimi, yeye mwache!"

"Mzee," alisema Khaemba, "lakini wewe ulifaulu..."

"Eeh?"

"ULIFAULU!" muuguzi akamsaidia.

Yarrow alinyoosha kidole kwenye kioo cha sinki. "Umenikalisha mbele ya kioo, mimi, dereva! Maisha yangu yote natazama vya nyuma kwa kioo. Niliona midomo yako yote. Midomo ikifungana, nasema p. Mimi p siiachi."

Khaemba alichukua karatasi ya mzee akaipitia. Maneno yaliyokosewa yalikuwa machache, na yote yalianza na b. "Ndiyo maana nilisema 'baba' ukaniambia 'papa'," alisema taratibu. "Nilidhani ni mtu wa kwetu."

Yarrow hakulisikia hilo. Alikuwa amemgeukia Ramlo, akamwambia kwa Kisomali, kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo, "Sikutaka ujue umebaki na nusu ya mume." Ikasikika hadi kwenye lango la hospitali.

Ramlo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa ameapa kutopaza sauti tena, lakini kiapo kile kilikuwa na mwisho wake.

"NIMEJUA TANGU BILIBILI!" alisema.

Ikabidi Yarrow aelezwe utafiti, na muuguzi akaueleza hadi sauti ikamkauka. Baadhi ya watu watachomwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, na hata daktari mwenyewe hajui nani amepata nini, ili asije akawaona wamepona kwa kutamani kwake. Huenda dawa isifanye kazi hata kidogo. Lakini bila masikio ya watu kama yeye hakuna atakayejua, na wale wanaokuja nyuma watabaki kupiga kelele kama wao. Yarrow alifikiri, akaketi kitini, akavua kofia.

"Kama ni maji ya chumvi, basi ni maji ya chumvi," alisema. "Madereva ni wengi."

Tangu siku hiyo akawa msumbufu wa namna nyingine. Kila siku ya soko la mifugo alipita kwenye malori, akimkuta dereva anayefoka humshika bega na kumwambia, "Waryaa, wewe bwana, anayesikia hapigi kelele. Twende hospitali." Wengine walimtukana, naye hakuyasikia matusi, kwa hiyo hawakumvunja moyo. Alimpelekea Khaemba madereva hadi daktari akaomba mapumziko. Karatasi za kupimia nazo zilibadilishwa, na kwenye ile ya Garissa hakuna neno lenye p wala v.

Miezi ikapita. Ramlo hakumjaribu mumewe. Wengine walimwambia amjaribu, agonge sufuria, apige makofi nyuma yake, lakini aliogopa jibu. Aliendelea kupaza sauti kama zamani, na Sagal aliendelea kujibu.

Kisha alasiri moja, baada ya sala, Yarrow alikaa uani amempa mgongo, anakoroga chai. Ramlo alikuwa anakunja nguo. Alikitazama kisogo chake, zile mvi, lile kovu la kioo cha lori, na neno likamjia lenyewe. Kwa Kisomali lilimkwama, maana kwa umri wake maneno hayo hayasemwi. Akalisema kwa Kiswahili, lugha ya ofisini na sokoni, ambayo haya yake ni ndogo. Alinong'ona tu, kwa nguo aliyoishika kuliko kwa mtu.

"Nakubenda."

Kijiko kikasimama kikombeni.

"Nakupenda," alisema Yarrow bila kugeuka. "Kwa p."

Ramlo aliketi mkekani. Huenda ilikuwa dawa, huenda maji ya chumvi, hata Khaemba hangeweza kumwambia. Alilia kidogo, kisha akakumbuka miaka mitano, na tuktuk, na halwa ya pole. Akaweka kiganja nyuma ya sikio kama alivyomwona mumewe akifanya mara nyingi.

"Eeh?" alisema. "Sijasikia. Sema kwa sauti."

Yarrow aligeuka akamtazama, akaelewa anadaiwa nini. Alisafisha koo, akapasua midomo.

"NAKUPENDA!"

Kuku waliruka. Hata redio za watu zilionekana kupunguza sauti. Kisha upande wa pili wa mabati akasikika Sagal, ambaye hadi leo hakuna aliyemweleza kwamba Ramlo si kiziwi, akijitolea kumsaidia jirani yake kwa nguvu zote za mapafu.

"MAMA HANI! MZEE ANASEMA ANAKUBENDA!"